Kukaa Tu: Historia Fupi ya Kupumzika Kwenye Yoga

Karibu kila darasa la yoga hapa Nairobi, liwe la Kilimani au la ukumbi wa kanisa huko Eastlands, huisha kwa njia moja. Mmejikunja, mmesimama kwa mguu mmoja, mapaja yametetemeka, jasho limeloa mkeka. Halafu mwalimu anasema mlale chali. Miguu wazi, viganja juu, macho yafungwe. Mkao huu unaitwa shavasana, na shava ni maiti. Kwa hivyo mnalala pale kama maiti kwa dakika 5 au 10, mkipumua.

Ukichungulia wakati huo utaona kuna watu wanaondoka. Wanakunja mikeka polepole wasisumbue wenzao, wanabeba viatu mkononi, wanatoka kwa ncha za vidole. Kwao darasa limekwisha. Walikuja kutafuta jasho na jasho wamelipata. Kulala watalala nyumbani. Na si wavivu hao. Mara nyingi ni wale waliojikaza kuliko sisi wote, wale ambao mwalimu alikuwa anawaonyesha kama mfano.

Ndiyo nikaanza kujiuliza: ni nani alimweka maiti mwishoni mwa darasa, na alitaka tujifunze nini kwake? Nilidhani nitapata jibu la mistari miwili. Badala yake nilipata hadithi ya miaka zaidi ya elfu mbili, yenye watawa, wafalme, ukoloni, mpiga fidla aliyechoka na kaptula iliyokatwa kwa makasi. Na nikaona kwamba kwa sehemu kubwa ya hadithi hiyo, kupumzika hakukuwa kitu kinachokuja kazi ikiisha. Kulikuwa ndani ya kazi. Walitenganishwa baadaye, na kuna sababu za kutenganishwa huko ambazo zinatuhusu hata sisi wa huku.

Tuanze kabla ya mikeka. Katika maandiko ya kale ya Kibudha kuna kijana anaitwa Sona, mtoto wa familia tajiri sana, aliyeacha mali akawa mtawa. Alikuwa na bidii ya kutisha. Alifanya tafakuri yake akitembea, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka nyayo zake zikachubuka na njia ikajaa damu. Na bado hakuona anafika popote. Akakaa chini akawaza: huenda hii kitu si yangu, kwetu kuna pesa, wacha nirudi nyumbani niishi vizuri na nitoe sadaka.

Buddha akamjia na swali ambalo halikuwa la dini hata kidogo. Sona alikuwa mpiga zeze hodari kabla ya utawa. Akaulizwa: ukikaza nyuzi kupita kiasi, zeze lako lilikuwa linalia vizuri? Hapana. Na zikilegea sana? Hapana pia. Basi, akaambiwa, bidii nayo ni vivyo hivyo. Ikikazwa mno inaleta wasiwasi, ikilegezwa mno inaleta uvivu. Tafuta kiwango chake.

Kinachonivutia zaidi kwenye kisa hiki ni yale machaguo mawili aliyokuwa nayo Sona kabla ya kuulizwa lile swali. Kukaza mpaka damu, au kuacha kabisa. Hakuwa na la tatu. Mtu aliyefundishwa kukaza peke yake huwa hivyo: siku akichoka, hajui kulegeza, anajua kukatika tu. Na angalia kwamba hakuambiwa akapumzike wiki mbili halafu arudi. Uzi unaolia vizuri umekazwa na umelegezwa wakati mmoja. Hakuna zamu.

Karne kadhaa baadaye wazo hilohilo likaingia kwenye kitabu ambacho walimu wa yoga hukitaja kuliko vyote, Yoga Sutra, kinachohusishwa na Patanjali. Hatuna wasifu wa kuaminika wa Patanjali mwenyewe. Wataalamu huweka kitabu hicho mahali fulani kati ya karne ya 2 kabla ya Kristo na karne ya 5 baada ya Kristo. Kina aya 195 au 196, kutegemea nani anahesabu. Sasa, kati ya hizo zote, zinazozungumzia mikao ni 3. Tatu tu. Hakuna mbwa anayetazama chini, hakuna shujaa wa kwanza wala wa pili, hakuna kusimama kwa kichwa.

Neno lenyewe, asana, linatoka kwenye kitenzi cha Kisanskriti chenye maana ya kukaa. Kiswahili kimefanya vilevile bila kuulizwa: kaa, mkao. Patanjali alikuwa anazungumza na watu wanaotaka kukaa chini kwa muda mrefu watulize akili, na alitaka mkao huo uwe na sifa 2 kwa pamoja: sthira, yaani imara, usioyumba, na sukha, yaani wa raha, usioumiza. Kuna maelezo ya zamani ya neno sukha, ambayo si wanaisimu wote wanayakubali, kwamba lilianza na magurudumu: su ni zuri, kha ni tundu, lile tundu ambamo ekseli inapita. Fundi yeyote wa pale Grogan angelielewa bila mwalimu. Beringi ikibanwa sana inachemka na kuungua. Ikilegea, gurudumu linakuacha barabarani. Ikikaa sawa, gari linaenda na wewe hata hukumbuki kuna kitu kinaitwa beringi.

Aya inayofuata ndiyo iliyonisimamisha. Inasema, kwa maneno yangu, kwamba mkao hukamilika juhudi inapolegezwa na akili ikatua kwenye kisicho na mwisho. Soma tena hapo. Haisemi ukimaliza juhudi, legea. Inasema kulegeza juhudi ndiyo hatua ya mwisho ya juhudi, na kwamba bila hiyo mkao haujakuwa mkao. Mwanzoni mwa kitabu Patanjali alikuwa ameshatoa jozi nyingine inayofanana: mazoezi ya kurudiarudia, na kuachilia. Viwili vinavutana na vinahitajiana, kama mikono miwili inayokamua nguo moja.

Lakini maiti bado hajafika. Anaonekana wazi kwenye maandiko ya karne ya 13, na hapo hajawa hata mkao. Ametajwa kama mojawapo ya njia za kuiyeyusha akili: lala chali chini kama maiti, basi. Karne ya 15 mtu anayeitwa Svatmarama akaandika Hatha Yoga Pradipika, akaeleza mikao 15, na kati ya hiyo akamweka shavasana. Kazi yake akaitaja kuwa mbili: kuondoa uchovu, na kuipumzisha akili. Tayari mikao mingine imekuwa migumu kiasi cha kumchosha mtu, kwa hivyo kunahitajika mmoja wa kumrudisha. Hata hivyo maiti bado ni mkao kamili mwenye jina lake, sawa na wenzake. Si dakika za kukunja mkeka.

*

Sasa ruka mpaka India iliyo chini ya Mwingereza. Mwaka 1841 Thomas Macaulay, aliyekuwa amefanya kazi kwenye serikali ya kikoloni huko, aliandika kuhusu Wabengali kama watu dhaifu wa mwili, walegevu, waliozoea kukanyagwa. Hakuwa peke yake. Ilikuwa lugha ya kila siku ya watawala: hawa wanatawalika kwa sababu ni dhaifu. Na ukishaitwa mlegevu na mtu aliyekukalia kichwani, kulegea kunaacha kuwa hekima. Kunakuwa ushahidi dhidi yako.

Ndiyo maana mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wengi wa India walikuwa wanajenga misuli. Eugen Sandow, yule mbabe aliyekuwa maarufu duniani kwa kifua chake, alizuru India na kujaza kumbi. Vyumba vya mazoezi vikaongezeka. Mtawala wa jimbo dogo la Aundh, Bhawanrao Pant Pratinidhi, akaandika kitabu mwaka 1928 kuhusu surya namaskar, ule mfululizo wa kuinama na kuinuka kulisalimu jua, akiusambaza kama zoezi la afya kwa shule na raia. Taifa lililodharauliwa lilikuwa linajikaza.

Katikati ya hali hiyo mfalme wa Mysore, Krishnaraja Wadiyar wa Nne, alimwajiri msomi aitwaye Tirumalai Krishnamacharya, na mwaka 1933 akampa nafasi ya kufundishia katika kasri la Jaganmohan. Wanafunzi walikuwa wavulana. Krishnamacharya aliunganisha mikao kwa pumzi, mmoja ukizaa mwingine bila kusimama, kwa kasi inayomfaa mvulana mwenye nguvu za kumwaga. Ukihudhuria leo darasa la ashtanga, vinyasa, au yoga yoyote inayojiita ya nguvu, shina lake kubwa ni pale kasrini. K. Pattabhi Jois alitoka pale. B.K.S. Iyengar alitoka pale.

Mfalme alitaka yoga ijulikane, kwa hivyo Krishnamacharya na vijana wake walitumwa huku na huku kufanya maonyesho mbele ya watu. Na maonyesho yana sheria zake. Hakuna anayesafiri kwenda kutazama mtu amelala chali. Watu wanataka kuona mgongo ukikunjwa mpaka kichwa kigonge miguu. Nafikiri hapo ndipo jasho na pumziko vilianza kutengana kwelikweli: jasho likapanda jukwaani, pumziko likabaki nyuma ya pazia.

Aliyelipa gharama ni Iyengar. Alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Bellur wakati homa kubwa ya mafua ikiua mamilioni India, na utotoni akapita malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Krishnamacharya alikuwa shemeji yake, ameoa dada yake, na mwaka 1934 kijana huyo mgonjwa akaletwa Mysore. Uzeeni alisimulia jinsi siku moja, mbele ya wageni, shemeji alivyomwamuru afanye Hanumanasana, ule mkao wa kupasua miguu, mmoja mbele mwingine nyuma, mpaka ukae sakafuni. Hakuwa amefundishwa. Akajaribu kujitetea kwamba kaptula imembana. Shemeji akaagiza makasi, kaptula ikakatwa pembeni. Iyengar akafanya. Wageni wakaridhika. Msuli wa nyuma ya paja ukachanika, na ikamchukua muda mrefu sana kutembea vizuri tena.

Ningeweza kuiacha hapo kama hadithi ya ukatili. Lakini kilichofuata ndicho muhimu. Mwaka 1937 Iyengar alitumwa Pune kufundisha, bado hajafika miaka 20. Na mwili ule uliougua na kuchanika ndio ukawa mwalimu wake. Taratibu, kwa miaka mingi, akaanza kuwawekea wanafunzi vitu: mablanketi, matofali ya mbao, mikanda, kamba za ukutani, viti vya chuma. Mwenye mgongo mbovu alale juu ya blanketi lililokunjwa. Mzee ashike kiti. Mgonjwa wa moyo ainuliwe kifua kwa mto. Aligundua kwa vitendo kitu ambacho maandiko hayakukisema waziwazi: mwili haulegei kwa kuamriwa. Unalegea ukijua kuna kitu kingine kimeubeba.

Upande mwingine wa dunia kulegea kulikuwa kumeshapata soko lake. Mwaka 1891 huko Marekani Annie Payson Call alitoa kitabu kilichoahidi kwamba utulivu ungekupa nguvu. Nguvu za kufanya mambo zaidi, bila shaka. Daktari Edmund Jacobson, baada ya miaka ya kupima misuli ya watu maabarani, akatoa chake mwaka 1929 kuhusu kulegeza msuli mmoja baada ya mwingine. Ujuzi wao ulikuwa wa kweli, na mwalimu wako akikuambia leo "legeza kidole gumba, legeza kisigino", sauti ya Jacobson imo humo kuliko ya Patanjali. Lakini dunia iliyowapokea ilikuwa ya viwanda na ofisi. Pumziko lilipoingia humo lilipewa kazi: kumrudisha mtu mezani kesho asubuhi. Likawa kama chaja.

Njia hizi mbili zilikutana Bombay mwaka 1952. Yehudi Menuhin, mmoja wa wapiga fidla wakubwa wa karne hiyo, alikuwa ziarani India. Alikuwa jukwaani tangu utotoni, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa amewapigia wanajeshi mamia ya maonyesho. Mwili ulikuwa umemchoka na mkono wake haukuwa unamtii kama zamani. Iyengar akaletwa kwake, na Menuhin akamwambia amechoka na ana dakika chache tu. Kijana wa maonyesho ya Mysore angejikunja pale pale amshangaze mgeni. Iyengar huyu akamwambia alale chini. Akampanga katika shavasana, akamfunga macho na masikio kwa vidole, na Menuhin akalala usingizi karibu saa nzima.

Walikuwa marafiki tangu siku hiyo. Menuhin alimwalika Ulaya mwaka 1954, akampa saa ya mkononi iliyochorwa maneno ya kumshukuru kama mwalimu wake bora wa fidla, mtu ambaye hakuwa mpiga fidla. Iyengar alipotoa kitabu chake kikubwa mwaka 1966, Light on Yoga, aliweka ndani picha zake akiwa amejikunja kwa namna ambazo bado zinatisha. Na kuhusu ule mkao wa kulala chali akaonya kwamba unaonekana rahisi lakini ni miongoni mwa migumu zaidi kuumudu. Aliyesema hivyo alikuwa amechanika msuli mbele ya watu. Nadhani alikuwa na haki ya kulinganisha.

*

Sasa turudi huku kwetu, kwa sababu Mwingereza aliyemwita Mhindi dhaifu ndiye aliyemwita Mwafrika mvivu.

Kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika himaya hii mwaka 1901, na mojawapo ya faida zake machoni pa walowezi ilikuwa kwamba mtu sasa alilazimika kutafuta pesa, yaani kutafuta mzungu wa kumfanyia kazi. Mwaka 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowataka maofisa na machifu wawahimize vijana wa kiume wasio na kazi watoke vijijini waende kwenye mashamba ya walowezi. Hebu fikiria "wasio na kazi" ilimaanisha nini. Kijana mwenye ng'ombe wa baba yake, shamba la mama yake na nyumba ya kujenga, kwenye hesabu za serikali alikuwa amekaa tu. Baadaye kikaja kipande, kile cheti kilichovaliwa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma, kikiandikwa ulimfanyia nani kazi, lini mpaka lini. Siku zisizoandikwa zilikuwa siku za kujieleza.

Kipande kilishaondoka lakini kujieleza kumebaki. Sikiliza tunavyoongea. "Huyo siku hizi amekaa tu." Hiyo ni shutuma, si taarifa. Mtu akiuliza "uko wapi siku hizi?" anauliza kazi, na ukijibu "niko tu" unaangalia chini. Nilipoacha chuo nilikaa nyumbani miezi kadhaa nikisoma na kuandika, na wageni wa mama walikuwa wananiuliza hilo swali kwa sauti ya mtu anayetembelea mgonjwa. Leo ninaandika nikilipwa kwa kila makala, na niseme ukweli, hakuna bosi aliyewahi kunisimamia kwa ukali kama ninavyojisimamia. Aliyejiajiri hana saa ya kutoka. Simu ikilia saa nne usiku na kuna kazi ya haraka, kipande ni mimi mwenyewe nimekivaa.

Methali zetu nazo zimejigawa. Kuna "mchumia juani hulia kivulini": jua kwanza, kivuli baadaye, na kivuli ni mshahara wa jua. Wazazi wetu waliishi kwa hiyo, na wengi wao kivuli kilipofika kilikuta mgongo umeshaharibika. Lakini kuna nyingine: "ngoma ikivuma sana hupasuka." Hiyo ni Sona na zeze lake kabisa, na wahenga wa Pwani hawakuhitaji kwenda India kuichukua.

Yoga yenyewe imefika kwetu ikiwa na sura zake zote mbili. Tangu 2007 shirika la Africa Yoga Project limewafunza vijana wa Nairobi kuwa walimu, wakabeba darasa mpaka Kibera na Mathare, na ni yoga ya nguvu na jasho, tawi la mti uleule wa Mysore. Sioni aibu yoyote hapo. Kijana ambaye hana kitu kingine kinachomtii, kuona mwili wake unamtii ni jambo kubwa. Na upande wa pili kuna matangazo ya simu yanayokuuzia dakika 10 za utulivu ili uzalishe zaidi kesho. Hilo ndilo linanikera. Nimeambiwa nilegee, halafu nikaambiwa nihesabu faida.

Najua jibu la mtu wa mjengo nikimwelezea Patanjali. Atacheka. Akikosa siku moja, siku hiyo watoto hawali, na mimi namwambia habari ya sukha? Ana haki. Ndiyo maana sehemu ya historia hii ninayoishika sana si aya ya Kisanskriti, ni lile blanketi la Iyengar. Yule mwalimu hakumhubiria mgonjwa kwamba ajifunze kuachilia. Alitafuta kitu cha kuweka chini ya mgongo wake kwanza.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanyakazi apate angalau siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo. Hilo ni blanketi. Chama kinachokukopesha mwezi mbaya ni blanketi. Dada anayesema "lala, mtoto nitamwangalia mimi" ni kiti cha chuma cha Pune kabisa. Na wengi wetu wa vibarua, wa bodaboda, wa kuandika kwa makala, tuko kwenye sakafu tupu, halafu tunalaumiwa kwamba hatujui kupumzika. Mwili hauna ujinga. Unajua hakuna kilichoubeba, kwa hivyo unaendelea kujishikilia hata usingizini, meno yamekazwa.

Kwa hivyo sidhani swali ni tufanye kazi kiasi gani na tupumzike kiasi gani, kama vile ni vikombe viwili vya unga. Zeze halikukazwa Jumatatu likalegezwa Jumapili. Swali ni kama hiki ninachofanya sasa hivi, kuandika, kuendesha, kufua, kinaweza kufanywa bila kukaza sehemu ambazo hazihusiki. Taya halisaidii kuchapa kompyuta. Mabega hayasaidii kupika chapati. Hilo linajifunzwa, polepole, kama jasho linavyojifunzwa. Na swali la pili, ambalo haliwezi kujibiwa mkekani peke yake, ni nani amembeba nani ili aweze kujaribu.

Kiswahili kimetuachia dokezo. Kupumzika kumetoka kwenye pumzi. Asiyepumua hana la kupumzisha, na anayepumua hajasimama, kifua chake kinapanda na kushuka, kinakaza na kulegea, tangu azaliwe. Yule maiti wa mwisho wa darasa, ukimtazama vizuri, si maiti. Anapumua. Dakika zile 5 zikifika, mwache aliyeona kazi imeisha akunje mkeka wake. Wewe kaa.